Askari wa Maharaja Wawili

Najma, Doha
2 Februari 2025

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila siku hizi sisikii chochote, si furaha wala uchungu. Nasimama tu.

Ukumbi ninaolinda kwenye jumba la makumbusho una picha kubwa ya kale. Maharaja wawili wa India, binamu, wanapigania ngome, na kila mmoja amekodi askari kutoka mbali. Maharaja wamechorwa hadi pete zao. Wale wa kukodiwa, pande zote mbili, wamepewa uso mmoja.

Kaka Bradley yuko wapi? Tangu aache kazi ya hoteli, simu yake haiingii.

Mwanao,
Levis

Keroka
8 Februari

Mwanangu Levis,

Nashukuru Mungu u mzima. Mgongo ni ule ule. Nadhani kakako yuko njiani. Unajua kwetu safari haitangazwi mpaka mtu afike, isije ikaharibika. Atapiga akifika. Na wewe wacha kukodolea hiyo picha, utaiota bure.

Mama yako

Wadi Samra
19 Aprili

Mama,

Habari za nyumbani? Sasa naweza kukwambia, kwa kuwa nimefika. Mkataba wa Doha uliisha. Ajenti alisema tunakuja kulinda bohari la mafuta. Tuliposhuka akachukua pasipoti, tukapewa bunduki.

Majenerali wawili wanagombania nchi hii. Sisi ni wa yule wa kusini mwa mto. Ng'ambo pia kuna Wakenya wa kukodiwa. Jioni tunawasikia wakiimba nyimbo za kanisa. Kesho alfajiri tunavuka. Siogopi, mama. Ningefurahi kama ningeogopa.

Mwanao,
Levis

Keroka
19 Aprili, usiku

Wanangu Levis na Bradley,

Natumai hamjambo. Levis, usivuke. Bradley alinipigia juzi. Naye alingoja mpaka afike ndipo aniambie. Yuko hapo Wadi Samra, kaskazini mwa mto. Alisema jioni yeye ndiye huwaanzishia wenzake nyimbo.

Naituma barua hii moja kwa simu zenu zote mbili. Nilipoituma mara ya kwanza haikufika kwa yeyote, kwa hivyo naituma tena. Nilipika chai, ikapoa, nimeinywa hivyo hivyo.

Atakayeisoma kwanza asimame ukingoni amwite mwenzake kwa jina la nyumbani. Hapo hakuna mwingine anayelijua.

Mama yenu