Nilivyowafurahisha Watu kwa Sarufi

Jumapili, jioni. Jua la Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, limeshinda likituchoma na vumbi limeingia hadi kwenye chai. Nina hasira. Kwa kawaida hasira yangu ina mtu wa kumpelekea, lakini leo inazunguka nyumba nzima na kunirudia.

Nianze na wale ninaowadharau bila kuona haya, maana hao ndio rahisi.

Wa kwanza ni kijana wa semina. Shirika linalotupa chaki, na kunipa mimi posho kidogo, liliniita Mbarara, kule Nyamitanga, siku mbili, nikafundishwe kufundisha. Mimi, niliyesimama mbele ya ubao Uvira miaka kumi na tisa kabla ya kukimbia. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni na viatu visivyolijua vumbi. Alisema sarufi ni sherehe. Alisema mwanafunzi asiyecheka hajifunzi. Akatupanga duara, watu wazima wenye wajukuu, tukarushiana mpira huku tukitaja ngeli. Kando yangu alisimama mke wa sajini, anayefundisha watoto wa wanajeshi kambini kwao, akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha jeshi: "Madame, hii mpira hapana saidia. Mtu nasoma kama iko na kitu nataka."

Nilimdharau na yeye. Sentensi yake niliitazama kama nzi kwenye mchuzi.

Wa pili ni wanafunzi wangu. Darasa langu ni la watu wazima, Jumatano na Jumamosi, ndani ya kanisa letu la mabati. Atakayefaulu ana nafasi ya kupata kazi ya kuwatafsiria wagonjwa zahanati. Wote ni Wakongomani wenzangu wa Kivu ya Kusini, wakulima na wauza dagaa. Walikuwa saba. Saba! Wasiokuja walinisimamisha njiani wakaniambia Kiswahili walikinyonya kwa mama zao, sasa Madame anataka kuwafundisha kunyonya? Nikawajibu kwamba chao ni Kiswahili cha sokoni. Wakasema ndiyo, sokoni ndiko wanakopata ugali.

Niliporudi kutoka semina niliujaribu ule mpira, nisije nikasemwa kwamba sikujaribu. Nilimrushia Papa Asukulu, mzee wa Kibembe, mkulima, mtu asiyecheka hovyo. Aliudaka, akauangalia, akauweka chini ya benchi, akakaa. Sherehe ya sarufi ikaishia hapo.

Basi nikabuni mchezo wangu mwenyewe. Nilijiona mjanja kweli.

Niliuita mchezo wa mahojiano. Naweka meza mbele na daftari juu yake. Mwanafunzi anakuja, anakaa, nami namuuliza kwa sauti ya kiofisi: unaitwa nani, umetoka kijiji gani, ulikimbia lini, una watoto wangapi, wako wapi, uliacha nini nyumbani. Anajibu kwa sentensi kamili, ninaziandika kama alivyozisema, wenzake wanasikiliza na kumsahihisha. Nikapiga na picha kwa simu, za kumtumia kijana wa Nyamitanga. Nikaweka na sheria: atakayekosa masomo matatu, jina nalifuta.

Wiki ya pili walikuwa ishirini. Wiki ya nne walizidi hamsini, wengine wamesimama dirishani. Watu waliokuwa wakisinzia nikitaja ngeli sasa nawakuta njiani wakijirudia majibu kwa midomo. Mama mmoja alisema ana watoto watano wakati wiki iliyopita alisema sita, darasa zima likamrukia. Nikadhani wamependa usahihi. Nikamwandikia kijana ujumbe mrefu, kwa adabu yenye sumu ndani, kwamba mtu anaweza kulijaza darasa bila mpira. Akajibu kwamba atakuja Jumatano kujionea, na kwamba darasa kubwa namna hiyo bila shaka litaongezewa mwaka mwingine wa msaada.

Mtu aliyeishi Nakivale mwezi mmoja angejua kilichokuwa kinaendelea. Mimi nina miaka sita hapa.

Jana baada ya somo alibaki Mama Nabintu. Ni mjane, analima maharage, na alikuwa na mbuzi wanne ambao watu humtambua nao. Alikuwa ameniletea jogoo.

"Madame, aksanti mingi," akasema. "Mbuzi nimeshauzisha zote kwa ule muchinjaji wa Mbarara. Shamba nimemuachia muke wa Papa Asukulu. Sasa niko tayari, hata baniite kesho."

"Bakuite wapi, Mama?"

"Ku Amerika, ao Canada. Fasi yoyote. Si jina yangu iko kwa liste yako? Na foto ulishatumaka."

Hapa kwetu, karatasi yoyote yenye majina ni karatasi ya kuondoka. Watu wamengoja miaka na miaka waitwe kwenye mahojiano ya kupelekwa nchi nyingine, na kila mtu anaijua familia iliyokwama kwa sababu baba alitaja watoto watano leo na sita kesho. Ndiyo maana walisahihishana kwa ukali ule. Sarufi haikuwahusu hata kidogo. Walikuwa wakitoa maelezo yao mbele ya mtu wanayeamini ana njia ya ofisini, na mtu huyo alikuwa ametangaza kwa mdomo wake kwamba mtoro anafutwa.

Neno moja lingetosha kumwambia.

Nilipokea jogoo. Nikasema, "Haya Mama, tutaonana Jumatano."

Naandika hivyo kama ilivyokuwa. Niliiwaza Jumatano, nikauwaza uso wa yule kijana akifungua mlango na kukuta watu hamsini. Siku nne tu za kukaa kimya, nikajiambia, halafu nitawaeleza taratibu. Nilirudi nyumbani na jogoo kwapani nikiwatukana moyoni: wajinga, waroho wa safari, watu wa kuuza mbuzi kwa fununu. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba mwaka wangu wa kwanza hapa nilijiandikisha kwenye kikundi cha ushonaji kwa fununu hiyo hiyo. Nilihudhuria miezi minane. Mpaka leo sijui kushona hata kifungo.

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelikalia langu miaka sita.

Leo kanisani, wakati wa matangazo, nilinyoosha mkono. Mchungaji alidhani natangaza somo, akanipa kipaza sauti huku akitabasamu. Nilisema kila kitu. Daftari langu ni la mahudhurio na mazoezi. Halijaenda ofisi yoyote. Picha zimeonwa na mwalimu mmoja Mbarara, basi. Sina njia ya kumpeleka mtu popote, hata mimi mwenyewe sijipeleki. Aliyeuza kitu au aliyeachia shamba kwa ajili ya darasa langu, asiendelee.

Sikumtaja Mama Nabintu, lakini shingo zilimgeukia. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake magotini, anakunja na kukunjua.

Ndipo Papa Asukulu akasimama.

"Madame, ulinisimamisha mbele ya bantu mara tatu," akasema. Hakupaza sauti. "Mara tatu nilikutajia bana bangu bawili benye balikufia njiani, na majina yabo. Uliandika. Kama haikukuwa ya liste, ulikuwa unatuuliza sababu ya nini?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nimezoea kuwa na jibu kwa kila mtu.

"Juu mufurahie masomo," nikasema.

Papa Asukulu akakaa. Mchungaji alikuja akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu polepole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Mke wa Papa Asukulu amekubali kulirudisha shamba. Hakutaka hata niendelee kumwomba, alisema jembe lenyewe alikuwa hajalipeleka. Mbuzi ndio shida. Kesho naenda Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kumtafuta yule mnunuzi kabla hajawachinja. Nilimwomba Mama Nabintu tuongozane, akakataa. Alisema ataenda kivyake, na tukikutana huko atanisalimia, juu yeye ni mukristo.

Jumatano kijana atakuja akute mabenchi matupu. Atasikitika kwa ustaarabu, atapiga picha ya ubao. Siwezi hata kumdharau sawasawa: mpira wake haukumwomba mtu yeyote awataje marehemu wake.

Nimekaa na daftari tangu saa kumi. Nilitaka kuzichana kurasa za Papa Asukulu nimpelekee, aziweke au azichome, shauri yake. Nimezifungua na sijazigusa. Sentensi yake iko pale, nimeiandika mimi kwa mwandiko wangu mzuri wa Uvira: watoto wangu wawili walikufa njiani, mmoja aliitwa Mlongeca, mwingine alikuwa bado ananyonya, aliitwa Neema. Ngeli zote zimekaa sawa. Na pembeni, kwa wino mwekundu, kuna alama ya vema na maneno yangu: Vizuri sana.