Rangi ya Mkutano Mkuu

Shemeji yangu,

Huku tu wazima. Mkutano mkuu wa chama uliufufua mji: nyumba za wageni zilijaa, nami mgahawani nilipika mpaka mikono ikafa ganzi. Hata fundi viatu wa jirani, mkono wa birika yule, alininunulia soda. Marehemu kaka yako alisema mji huu utaamka, nikamcheka.

Ila kabla ya wajumbe kufika, kuta zote zilipakwa rangi nyeupe. Jina la mgahawa, aliloliandika kaka yako kwa mkono wake, likafunikwa. Nilipowasihi wapaka rangi waliache, wakasema, "Mama, ni amri."

Wajumbe wameondoka, na wateja nao. Jana mvua ilinyesha, rangi ikachuruzika, herufi zake zikatokea. Nimekaa mlangoni peke yangu, nazisoma.

Ni mimi,
bado mke wa kaka yako.