Hina ya Safari ya Nairobi

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimefika Malindi, nasi tu wazima; mama yako bado anigombeza nikipanda ngazi. Waniuliza nilingojaje siku aliyopasuliwa moyo, maana kesho ni zamu ya mwanao.

Mama yako alizaliwa na midomo ya buluu. Miaka ile ya themanini, alipopata nafasi ya kupasuliwa Nairobi, hajaanza hata kutambaa, mama mkwe wangu alimtia hina kucha zote, za mikono na miguu, asitoke kwao bila pambo. Daktari akanieleza: "Moyo tutausimamisha tuushone. Mashine itaipokea damu, iitie hewa, imrudishie."

"Na ukikataa kuamka?"

"Hilo naliogopa mimi pia."

Kisha muuguzi akamfunua mikono, akashtuka. "Mama, rangi ya damu twaitazama kwenye kucha!" Nikatoa ndimu niliyobeba ya kichefuchefu, nikasugua. Mtoto akalia, na kila akilia akazidi buluu, mpaka muuguzi akanishika mkono. "Wacha. Tutatazama ulimi." Wakamchukua.

Sikumbuki nilivyongoja. Nakumbuka nilipoitwa. Alilala kimya, mdomo umefungwa plasta na mipira, vidole vyekundu kwa hina. Sikujua kama ni mzima. Nikafunua shuka miguuni. Kidole kimoja kidogo hina ilikikosa, alivyokuwa akirusha mateke. Ukucha wake ulikuwa na rangi ya waridi, kama ndani ya pera.

Hina ya mwanao nimeshaitwanga, Rukia. Iko kwangu. Nitamtia mwenyewe, akishatoka.

Bibi yako