Ayeeyo na kitanda cha Lamu

Shurie wee, uko? Ikran amenipigia sasa hivi kutoka Lamu, sauti imekwisha kabisa.

Si unajua alivyombembeleza bibi yake, ayeeyo, atoke kwao Waberi akaone mji wa kale? Njiani wameshushwa kila kizuizi cha polisi. Toa kitambulisho, rudi garini, shuka tena. Bibi wa miaka themanini! Wamefika miguu imemvimba.

Wakaingia nyumba moja ya makumbusho. Ikran akageuka kusoma maandishi ukutani. Kuangalia nyuma, ayeeyo amelala juu ya kitanda cha maonyesho. Cha miaka mia mbili! Anakoroma! Na watalii wanampiga picha!!

Mlinzi akaja mbio. "Bibi, kitanda hicho hakilaliwi!"

Ayeeyo hata jicho hakufungua. "Kitanda kama hailaliwi, ni ya nini?"

NI YA NINI, Shurie. Ikran alitamani ardhi immeze.

Mlinzi akaitazama ile miguu. Akaleta mswala wake, akautandika uani, wakamshika mkono wakamlaza hapo. Ikran akakaa kando yake akalia, uchovu tu.

Tukiwa bado kwenye simu nikamsikia ayeeyo ameamka.

"Ikran, Lamu bado mbali?"