Waliniuliza Natumia Mkono Gani

Kambi ya Mafundi,
Chumba Namba 14, kitanda cha juu.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako niliye mbali. Kwa kawaida hapa ndipo ningeandika kwamba mimi ni mzima kama chuma, na wewe ungejibu hivyo hivyo. Safari hii siandiki hivyo, na wewe nakuomba usinijibu hivyo. Hujambo kweli? Kile kidonda cha pembeni mwa ulimi kimepona, au bado unakisukutua kwa maji ya chumvi na kulisingizia jino?

Nisamehe, dada, lakini sikuamini. Nilikusikia kwenye simu unatamka kama mtu mwenye chai ya moto mdomoni. Na mimi nilikuwa nakudanganya vilevile. Siku ile niliposema mtandao mbovu, mtandao ulikuwa mzima. Ulimi ndio uliokuwa mbovu.

Nilikuwa na kidonda mahali hapo hapo pa kwako. Nikasema ni jino, nikaling'oa. Jino likaenda, kidonda kikabaki. Nilipokwenda hospitali nilikuwa nimekaa nacho miezi saba. Wakakata kipande kidogo, wakapima, wakaniambia ni saratani. Nusu ya ulimi itolewe, na pengo lake lizibwe kwa nyama na ngozi ya mkono, pamoja na mshipa wake wa damu.

Unanijua. Nilianza kuwashuku hapo hapo. Ugonjwa uko mdomoni, mkono unahusikaje? Nikarudi chumbani kuwauliza wenzangu, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Kuna mpaka rangi analala kitanda cha chini yangu, tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hakuna asichokijua. Akaniambia, "Watakuuliza kazi unafanya kwa mkono gani. Ujue wanatafuta nyama iliyokomaa. Ukiwaambia ukweli, kwisha habari yako."

Na kweli waliniuliza! Nikasema moyoni, Mheshimiwa leo umenena. Nikajibu, wa kulia. Hata fomu niliitia saini kwa kulia, maana unakumbuka mwalimu alivyonichapa mpaka nikaacha kuandika kwa kushoto. Lakini mwiko wa kupigia plasta, dada, sijawahi kuushika kwa kulia. Plasta yote niliyopiga maishani nimeipiga kwa kushoto.

Siku moja kabla ya kupasuliwa, muuguzi alikuja akaninyoa mkono wa kushoto na kuuchora kwa wino. Nikaruka kitandani. "Mbona huo?"

Akanishangaa. "Baba, si ulisema wa kulia ndio wa kazi? Tunakuachia wa kazi."

Kumbe walikuwa wananilinda, na mimi mwenyewe ndiye niliyewakabidhi mkono wangu. Hata hivyo sikusema. Niliogopa wakijua nimewadanganya watanitimua, na kitanda apewe mwingine. Nilishinda nautazama ule wino mpaka jioni. Daktari wa upasuaji alipopita, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, nikamshika koti. "Daktari, mimi ni mashoto."

Hakufoka. Alivuta kiti, akakaa, akaniuliza, "Na mengine uliyonidanganya ni yapi?"

Ikabidi nitapike yote. Kidonda si cha miezi miwili kama nilivyomwambia, ni saba. Tumbaku sikuiacha zamani, ilikuwa kwenye mfuko wa suruali pale pale. Akaandika kila kitu upya. Akaubana mkono wa kulia kwenye kifundo, akaachia, akatazama damu inavyorudi vidoleni, akasema huu nao utafaa.

Basi wakachukua wa kulia, na pale walipotoa nyama wakapaziba kwa ngozi ya paja. Kwa hiyo paja langu liko mkononi na mkono wangu uko mdomoni. Nikikuambia neno sasa, nusu yake inatoka mkononi.

Siku za kwanza nilipumua kwa bomba la shingoni na kula kwa mpira wa puani. Kila saa muuguzi alikuja kuuchoma ulimi mpya kwa sindano, nikaamini wananiadhibu kwa ule uongo wangu. Kumbe walikuwa wanatazama kama damu inafika. Siku hizi nakula vyakula laini. Upande ule hausikii chumvi wala sukari, hata nikamtuhumu mpishi wa kambi kwamba anatubania chumvi, nusura animwagie sufuria zima. Tena, usicheke, ulimi umeota vinyweleo. Herufi k na g zinaniteleza, na mwalimu wa matamshi ananirudisha darasa la kwanza. Kazini nyapara ananiambia nipumzike kwanza. Maneno yake siyaamini hata kidogo, ila mkono wa kushoto uko tayari. Shemeji anayekusomea asilalamikie mwandiko. Wa kulia haujapata nguvu, naandika kwa ule uliochapwa.

Tezi za shingo walizitoa wakazipima, wakasema ziko safi. Wao wanasema hivyo. Mimi kila asubuhi najipapasa.

Dada, tumbaku tulianza kuiiba pamoja kwenye kopo la baba, tukiificha upande huohuo wa mdomo. Ndiyo maana siliamini jino lako. Daktari aliniambia kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu bila kupona, kitazamwe hospitali, basi. Cha kwako nilikisikia kabla sijalazwa, na huu ni mwezi wa nne tangu nitoke. Inawezekana ni jino kweli. Lakini aseme hivyo aliyepima, si wewe. Na watakachokuuliza, wajibu ukweli wote, hata pale unapodhani ni mtego.

Shemeji, sasa nasema na wewe. Najua huwa unaruka mistari ili usimtie mke wako wasiwasi. Huu usiuruke. Weka barua mezani. Chukua tochi, mwambie afungue mdomo na kutoa ulimi, uushike kwa kitambaa, uuvute upande, utazame pembeni na chini yake. Atakuambia una wazimu. Tazama hivyo hivyo. Salamu zilizobaki zisubiri.

Umetazama?

Haya. Msalimieni mama, na habari zangu msimfiche, maana atazisikia mwenyewe nitakapopiga simu. Wasalimieni watoto wote na shangazi. Mungu awakinge na mabaya, na kesho asubuhi awafikishe hospitali mapema kabla foleni haijawa ndefu. Majibu ya barua hii yasianze na "sisi ni wazima". Yaanze na alichosema daktari.

Wako akupendaye na asiyekuamini,
Mdogo wako, Mashoto.