Mzee Lin Alivyojifunza Wimbo Wetu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika. Babu hajambo, mguu umepona. Unauliza kama ni aibu kufundishwa na mtu uliyemzidi umri.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana hapa Durban, nilimpikia Mzee Lin kule Umbilo. Alikuwa bingwa wa erhu, zeze la Kichina la nyuzi mbili, lakini tangu afiwe na mkewe hakuligusa. Siku moja nikawa naimba jikoni wimbo wetu wa kubembelezea watoto. Akaja na zeze, akanifuata, akakosea.

"Dada, nifundishe."

"Mimi? Bingwa si wewe?"

"Huu siujui."

Tuliurudia mpaka wali ukaungua. Tukala ukoko, naye, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka.

Akuombeaye kila siku,
Bibi Asha