Sululu wa Gethin

Nerys, acha unachofanya usome. Gethin katuumbua!

Si ndiye mwenyekiti wetu wa watazama ndege? Leo kwenye kibanda chetu cha kutazamia ndege katunyamazisha wote. "Msipumue! Yule pale topeni, mwenye mdomo uliopinda, ni sululu wa Siberia!"

Nusu saa ndege hajatikisika. Nikauliza, mbona hali chochote? Eti, "Amechoka na safari, mama. Ndege wa Septemba unawajua wewe?" Mimi! Miaka ishirini kwenye mlango huu wa mto!

Maji yakajaa. Ndege wote wakaruka. Sululu wa Gethin akaelea.

AKAELEA, Nerys, hadi chini ya dirisha letu. Mwavuli mbovu! Mdomo ndio mpini!

Bingwa mzima!

Sasa usicheke. Kitabu cha kibandani cha kuandikia ndege adimu kinataka shahidi, na kabla maji hayajajaa Gethin alishanipa kalamu. Sahihi yangu iko pale, kwa wino.